Tetsuya Komuro: Mtunzi aliyepatikana na hatia ya kuuza nyimbo alizotunga mwenyewe

MNAMO Novemba 4, 2008, viongozi wa mashtaka katika jiji la Osaka, Japani, walimtia mbaroni mwanamuziki mwenye umri wa miaka 49 ambaye sura yake ilifahamika takriban katika kila nyumba nchini humo.

Huyo alikuwa Tetsuya Komuro, mtunzi aliyetawala muziki wa Japani katika miaka ya tisini, kiasi kwamba kuna wiki ambapo nyimbo zote tano zilizoongoza katika orodha ya mauzo zilikuwa kazi ya mkono wake.

Shtaka lililomkabili liliwaacha wengi vinywa wazi. Komuro hakudaiwa kuiba wimbo wa mtu mwingine. Alidaiwa kujipatia fedha kwa njia ya ulaghai, kwa kumwahidi mwekezaji mmoja kwamba angemuuzia hakimiliki za nyimbo 806, ambazo nyingi mno alikuwa amezitunga yeye mwenyewe.

Je, mtu anawezaje kuitwa tapeli kwa kuuza jasho lake? Jibu la swali hilo ndilo linalofumbua fumbo la maisha ya Komuro. Linaeleza pia jinsi biashara ya muziki inavyoendeshwa, na kwa nini aliyebuni wimbo huenda asiwe mwenye wimbo.

Kijana wa vinanda

Komuro alizaliwa Novemba 27, 1958, katika mji wa Fuchu, magharibi mwa Tokyo. Alianza kufunzwa kupiga fidla akiwa mtoto mdogo wa miaka mitatu hivi.

Mnamo 1970, maonyesho makubwa ya dunia yalifanyika Osaka. Huko, Komuro, aliyekuwa na umri wa miaka 11, alisikia muziki wa Isao Tomita, mmoja wa Wajapani wa kwanza kutunga kwa kutumia sinthesaiza, yaani kinanda cha kielektroniki kinachoweza kuumba sauti zisizotoka katika ala yoyote ya kawaida. Tangu siku hiyo, moyo wake ulitekwa na mashine hizo.

Alijiunga na Chuo Kikuu cha Waseda, mojawapo ya vyuo vinavyoheshimika zaidi nchini Japani, lakini hakuhitimu. Muda wake mwingi aliutumia kupiga vinanda nyuma ya wanamuziki wengine, hadi masomo yakamtupa mkono.

Mwaka wa 1983, yeye na wenzake wawili, mwimbaji Takashi Utsunomiya na mpiga gitaa Naoto Kine, waliunda kundi la TM Network. Wote watatu walitoka eneo la Tama, magharibi mwa Tokyo. Walitoa kazi yao ya kwanza Aprili 1984, lakini kwa miaka miwili wakawa wanaambulia patupu sokoni.

Kilichomwokoa Komuro wakati huo ni kalamu yake. Januari 1986, mwimbaji Misato Watanabe, aliyekuwa na umri wa miaka 19, alitoa kibao ‘My Revolution’, ambacho Komuro ndiye aliyekitungia muziki. Wimbo huo ulipanda hadi nafasi ya kwanza katika orodha ya Oricon, kampuni inayohesabu mauzo ya muziki nchini Japani. Ghafla, kampuni za muziki zikaanza kubisha mlangoni kwake zikiomba nyimbo.

Kundi lake nalo lilifunguliwa mlango mnamo Aprili 1987, lilipotoa kibao ‘Get Wild’. Wimbo huo ulitumiwa kufungia sehemu za mwanzo za ‘City Hunter’, filamu ya vibonzo ya televisheni. Badala ya kusubiri hadithi iishe, muziki ulianza kusikika polepole huku tukio la mwisho likiendelea, kisha picha ikasimama na sauti ya wimbo ikapaa. Watazamaji wa rika hilo hawakuusahau.

Wataalamu wa muziki waliochambua nyimbo za Komuro hutaja mbinu mbili zinazomtambulisha. Ya kwanza ni mfuatano wa vifungu vinne vya sauti ambao Wajapani wengi huuita kwa jina lake. Huanza kwa sauti ya simanzi na kupanda hatua kwa hatua hadi kutua penye sauti ya matumaini, hivyo msikilizaji huhisi kwamba ametoka gizani akaingia mwangani.

Mbinu ya pili ni kubadilisha ufunguo wa wimbo ghafla, hasa wimbo unapoingia kwenye kiitikio. Sauti ya mwimbaji hulazimika kupanda juu mno, karibu na ukomo wake. Hali hiyo ya kujikaza ndiyo huzipa nyimbo zake ule msisimko wa mtu anayekimbia huku akiimba.

Mwaka wa 1988, Komuro alihamia London kwa muda. Huko kundi lilirekodi albamu ‘Carol’, iliyotoka Desemba mwaka huo. Alirejea nyumbani akiwa na jambo lingine kichwani: muziki wa densi uliokuwa ukitikisa kumbi za usiku za Uingereza.

Miaka ya neema

TM Network, ambalo kufikia wakati huo lilikuwa likiitwa TMN, lilivunjwa mwaka wa 1994 kwa tamasha katika uwanja wa Tokyo Dome. Lakini Komuro alikuwa tayari ameshaanza safari nyingine, ile ya kuwa mtayarishaji wa muziki wa watu wengine.

Mshirika wake mkuu alikuwa Avex, kampuni iliyoanza mwaka wa 1988 kwa kuagiza santuri za muziki wa densi kutoka ng'ambo. Kampuni hiyo ilikuwa na wateja vijana waliopenda kucheza. Komuro alikuwa na nyimbo. Ndoa yao ikawa ya kufana.

Mwaka wa 1993 walizindua kundi la TRF. Lilikuwa kundi la ajabu kwa wakati huo: kati ya watu wake watano, mmoja tu ndiye aliyekuwa mwimbaji. Mwingine alikuwa mcheza santuri na watatu waliosalia walikuwa wachezaji densi. Vibao kama ‘EZ Do Dance’ na ‘Boy Meets Girl’ viliingia katika kila ukumbi.

Mwaka wa 1994, mwigizaji Ryoko Shinohara aliimba wimbo ambao Komuro aliutunga kwa ajili ya filamu ya vibonzo iliyotokana na mchezo wa video wa Street Fighter II. Nakala zaidi ya milioni mbili zilinunuliwa. Mwaka uliofuata, mchekeshaji Masatoshi Hamada, ambaye hakuwa mwimbaji kamwe, aliimba ‘Wow War Tonight’ ya Komuro. Nacho kikauza zaidi ya nakala milioni mbili.

Kisha akaja Namie Amuro, msichana kutoka kisiwa cha Okinawa, kusini kabisa mwa Japani. Komuro alianza kumtungia nyimbo mwaka wa 1995, Amuro akiwa na umri wa miaka 18. Wasichana kote nchini walianza kuiga nywele zake, viatu vyake virefu na nyusi zake nyembamba.

Albamu yake ‘Sweet 19 Blues’ ya 1996 iliuza zaidi ya nakala milioni tatu. Februari 1997, wimbo ‘Can You Celebrate?’ uliuza zaidi ya nakala milioni mbili, na hadi leo bado hupigwa katika harusi nyingi za Wajapani.

Komuro hakuridhika kuwa nyuma ya pazia. Mwaka wa 1995 aliunda kundi la Globe pamoja na mwimbaji Keiko na mghani Marc Panther. Albamu yao ya kwanza, iliyotoka Machi 1996, ilinunuliwa na zaidi ya watu milioni nne.

Kilele chenyewe kilifikiwa Aprili mwaka huo. Katika orodha ya Oricon ya Aprili 15, 1996, nafasi ya kwanza hadi ya tano zilishikwa na Namie Amuro, Tomomi Kahala, Globe, Dos na TRF. Nyimbo zote tano zilikuwa zimetayarishwa na mtu mmoja.

Tuzo nazo hazikumpita. Zawadi kuu ya Japan Record Award, ambayo hutangazwa kila mwishoni mwa mwaka, iliendea nyimbo zake kwa miaka minne mfululizo: TRF mnamo 1995, Amuro mnamo 1996 na 1997, kisha Globe mnamo 1998.

Ni muhimu kuelewa mazingira yaliyomwezesha kuvuma hivyo. Uchumi wa Japani ulikuwa umeporomoka mwanzoni mwa miaka ya tisini, lakini mauzo ya CD yaliendelea kupanda hadi 1998. Vijana walikuwa na fedha kidogo za kununulia nyumba au gari, lakini zilitosha kununua CD ndogo ya wimbo mmoja au miwili.

Aidha, nyumba za karaoke, zenye vyumba vidogo ambamo marafiki hukodi saa moja au mbili waimbe, zilikuwa zimeenea kila mtaa. Mtu alinunua CD ili aujifunze wimbo, kisha akaenda kuuimba mbele ya wenzake. Nyimbo za Komuro, zenye viitikio vya kupaa na maneno mepesi ya Kiingereza, ziliwafaa sana wateja hao.

Fedha zilivyotiririka

Ili kufahamu kosa lililokuja baadaye, sharti kwanza ifahamike jinsi mtunzi anavyolipwa.

Nchini Japani, hakimiliki huzaliwa papo hapo wimbo unapotungwa. Hakuna haja ya kuusajili popote. Hata hivyo, ni watunzi wachache wanaobaki na hakimiliki hiyo mikononi mwao.

Kwa kawaida, mtunzi hutia saini mkataba na kampuni ya uchapishaji wa muziki, na kupitia mkataba huo humkabidhi mchapishaji hakimiliki ya wimbo. Mchapishaji naye huikabidhi kwa shirika la kukusanya mirabaha. Shirika kubwa zaidi nchini humo ni JASRAC, lililoundwa mwaka wa 1939.

JASRAC hukusanya ada kutoka kwa kampuni za CD, vituo vya televisheni, nyumba za karaoke na kila anayetumia wimbo kibiashara. Baada ya kukata gharama zake, hugawa fedha hizo kati ya mchapishaji, mtunzi wa muziki na mtunzi wa maneno, kwa viwango vilivyomo katika mkataba.

Kwa upande wa CD, kiwango kinachotozwa kwa ajili ya watunzi ni asilimia sita ya bei kabla ya ushuru. Hivyo, CD ya yeni 1,000 huingiza yeni 60. Zikiuzwa nakala milioni mbili, hizo ni yeni milioni 120, hata kabla ya kuhesabu redio, televisheni na karaoke.

Mtunzi mwingine angegawana fedha hizo na mwandishi wa maneno. Komuro mara nyingi aliandika muziki na maneno pia, na mara nyingine nyimbo zote ndani ya CD zilikuwa zake. Zaidi ya hayo, alikuwa na malipo yake kama mtayarishaji. Si ajabu kwamba katika miaka hiyo jina lake lilichapishwa miongoni mwa walipa kodi wakubwa zaidi nchini.

Lakini hapo ndipo penye fundo. Fedha zilizomfikia Komuro zilikuwa mgao wake wa mapato, wala hazikuthibitisha kwamba alimiliki nyimbo zenyewe. Ni sawa na mtu aliyeuza shamba kwa makubaliano kwamba atakuwa akipewa sehemu ya mavuno kila msimu. Atakula mavuno miaka na miaka, lakini hati ya shamba haimo mikononi mwake tena.

Maji yalipokupwa

Mwaka wa 1998, Komuro alielekeza macho yake nje ya Japani. Akishirikiana na kampuni ya News Corporation ya Rupert Murdoch, alianzisha biashara ya muziki yenye makao yake Hong Kong, ambayo baadaye iliitwa Rojam. Nia ilikuwa kufanya katika bara zima la Asia kile alichokuwa amekifanya nyumbani.

Kampuni hiyo iliorodheshwa katika soko la hisa la Hong Kong mwaka wa 2001, na ikafungua ukumbi mkubwa wa densi mjini Shanghai. Lakini thamani ya hisa zake iliporomoka, na Komuro akapata hasara kubwa. Mwaka wa 2004 kampuni hiyo iliangukia mikononi mwa Yoshimoto Kogyo, kampuni ya burudani ya Osaka.

Wakati huo huo, upepo ulikuwa umegeuka nyumbani. Machi 1999, msichana wa miaka 16 aitwaye Hikaru Utada alitoa albamu ‘First Love’, iliyouza zaidi ya nakala milioni saba nchini Japani. Utada alikuwa akijitungia nyimbo mwenyewe. Hakuhitaji mtayarishaji wa kumwandikia kila kitu.

Masikio ya vijana yaliondoka kwenye midundo ya kasi ya Komuro na kuelekea kwenye mahadhi ya taratibu yenye asili ya Wamarekani Weusi. Yeye aliendelea kutunga. Julai 2000, Amuro aliimba ‘Never End’, wimbo wa Komuro uliotungwa kwa ajili ya mkutano wa viongozi wa mataifa manane tajiri uliofanyika Okinawa. Lakini mwaka uliofuata, hata Amuro alianza kuwaendea watunzi wengine.

Mtu aliyezoea mto uliofurika huwa vigumu kwake kuamini kwamba maji yamekupwa. Mapato ya Komuro yalishuka, lakini matumizi yake hayakushuka kwa kasi hiyo, na madeni yakaanza kurundikana. Kufikia mwaka wa 2006, alihitaji fedha nyingi kwa haraka.

Nyimbo 806

Ni katika hali hiyo ambapo, mwaka wa 2006, Komuro na wasaidizi wake walikutana na mwekezaji mmoja wa mkoa wa Hyogo, jirani na Osaka. Walimwambia kwamba hakimiliki za nyimbo 806 zilikuwa za Komuro, na kwamba alikuwa tayari kuziuza zote kwa yeni bilioni moja.

Mwekezaji huyo alikubali, na mnamo Agosti mwaka huo akatanguliza nusu ya bei, yeni milioni 500. Kwa viwango vya wakati huo, kiasi hicho kilizidi dola milioni nne za Marekani.

Hakupata nyimbo. Sehemu kubwa ya hakimiliki hizo zilikuwa zimekabidhiwa kampuni za uchapishaji kitambo, na Komuro hakuwa na uwezo wa kuzihamisha. Fedha zilizolipwa zilikuwa zimetumiwa kulipia madeni.

Ulaghai wa namna hiyo uliwezekana kwa sababu hakimiliki si kitu cha kushikika. Nyumba huonekana kwa macho, na aliyemo ndani anaweza kuulizwa kodi anamlipa nani. Wimbo hauna mlango wala ua.

Sheria ya Japani inaruhusu uhamisho wa hakimiliki kusajiliwa katika Idara ya Utamaduni ya serikali, lakini usajili huo si wa lazima na ni wachache wanaoutumia. Hivyo basi, mkataba uliotiwa saini miaka mingi iliyopita unaweza kukaa kabatini bila mtu wa nje kuujua. Jina la mtunzi, kwa upande mwingine, limechapishwa wazi kwenye kila CD. Mnunuzi huliona jina hilo akadhani ameiona hati.

Mzozo huo ulifika kwanza katika mahakama ya kesi za madai, ambako Komuro alikubali kulipa. Siku ya kulipa ilipopita bila fedha kuonekana, suala hilo liligeuka kuwa la jinai, na ndipo viongozi wa mashtaka wa Osaka wakamkamata.

Kesi ilianza kusikilizwa Januari 2009. Komuro hakujitetea kwa maneno mengi. Alikiri mashtaka.

Aliyemwokoa alikuwa rafiki wa zamani. Masato Matsuura, mmoja wa waasisi wa Avex, alitoa fedha za kumfidia mwekezaji huyo. Zaidi ya yeni milioni 600 zililipwa, kiasi kilichozidi zile zilizochukuliwa.

Upande wa mashtaka uliomba kifungo cha miaka mitano gerezani. Mnamo Mei 11, 2009, Mahakama ya Wilaya ya Osaka ilimhukumu kifungo cha miaka mitatu, lakini ikakiahirisha kwa miaka mitano. Maana yake ni kwamba hangeingia gerezani mradi tu asitende kosa lingine katika muda huo. Mahakama ilizingatia kwamba mlalamishi alikuwa amelipwa na kwamba mshtakiwa alionyesha kujuta.

Kurudi kwa kalamu

Komuro alirejea jukwaani Agosti 2009, katika tamasha la kila mwaka la Avex, akiwa na kifungo hicho bado kikining'inia juu ya kichwa chake. Mwezi uliofuata alitoa kitabu alichokiita ‘Tsumi to Ongaku’, yaani Kosa na Muziki.

Mei 2010, kundi la vijana la AAA lilitoa kibao alichokitunga, kikashika nafasi ya kwanza katika orodha ya Oricon. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka kumi tangu wimbo wake kufika hapo.

Hata hivyo, masaibu hayakuwa yameisha. Oktoba 2011, Keiko, mwimbaji wa Globe ambaye Komuro alikuwa amemuoa mwaka wa 2002, alivuja damu kwenye ubongo. Alinusurika, lakini hakurejea katika uimbaji kama awali, na Globe likanyamaza. Komuro naye aliugua maradhi ya ini, na baadaye akapata tatizo la masikio, pigo kubwa kwa mtu anayeishi kwa kusikia.

Mnamo Januari 19, 2018, muda mfupi tu baada ya jarida moja la kila wiki kuchapisha habari kuhusu maisha yake ya ndoa, Komuro aliita wanahabari na kutangaza kwamba anaachana na muziki. Alieleza uchovu wa kumtunza mgonjwa na wasiwasi kwamba kipaji chake kilikuwa kimefifia.

Tangazo hilo lilizua mjadala mkali nchini Japani. Wengi walilikashifu jarida lenyewe, wakiuliza iwapo maisha ya faragha ya mtu aliyelemewa na uuguzi nyumbani yanafaa kuwa bidhaa ya kuuza magazeti. Septemba mwaka huo, Namie Amuro naye alistaafu, kama alivyokuwa ameahidi mwaka mmoja awali. Kwa mashabiki wa miaka ya tisini, ilikuwa kana kwamba zama nzima zimefungwa kwa komeo.

Lakini kalamu ya Komuro haikukaa chini kwa muda mrefu. Julai 2020, kundi la wasichana la Nogizaka46 lilitoa ‘Route 246’, wimbo alioutungia muziki. Ndoa yake na Keiko ilivunjika mwaka wa 2021, na Oktoba mwaka huo TM Network likarejea jukwaani. Mwaka wa 2023, filamu mpya ya ‘City Hunter’ ilipoonyeshwa katika kumbi za sinema, ‘Get Wild’ ilisikika tena. Mwaka wa 2024, wanaume hao watatu waliadhimisha miaka 40 tangu kazi yao ya kwanza.

Jina na mali

Leo Komuro anahesabiwa miongoni mwa watunzi ambao nyimbo zao zimenunuliwa zaidi katika historia ya Japani. Kosa lake halikufuta hilo, na nyimbo zake hazikufuta kosa lake.

Kesi yake iliwafunza Wajapani wengi jambo ambalo hapo awali lilijulikana na mawakili na wachapishaji pekee: kwamba ndani ya wimbo mmoja mna haki za aina mbili. Ipo haki ya mali, inayoweza kuuzwa, kugawanywa na kurithiwa, na ambayo baada ya mabadiliko ya sheria ya mwaka wa 2018 hudumu kwa miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi.

Ipo pia haki ya utu wa mtunzi. Hiyo humpa mamlaka ya kutambuliwa kwa jina lake, na ya kukataa kazi yake isipotoshwe. Sheria ya Japani inasema wazi kwamba haki hii haiwezi kuhamishwa kwa mtu mwingine. Mtunzi hawezi kuiuza hata akitaka, na hakuna mdai anayeweza kuitwaa.

Komuro alikuwa ameshaitoa haki ya kwanza, kwa mikataba aliyoitia saini akiwa kijana mwenye nyimbo tele na haraka ya kusikika. Miaka mingi baadaye, alipobanwa na madeni, alijaribu kuitoa mara ya pili. Haki ya utu ilibaki naye muda wote, katika utajiri, kizimbani na jukwaani tena.

Ndiyo maana kila ‘Can You Celebrate?’ inapopigwa harusini, fedha hupita kwanza kwa wenye mikataba kabla ya mgao kumfikia aliyeitunga. Lakini anayeuliza wimbo huo ni wa nani, jibu atakalopewa na wageni wote ukumbini, baada ya Amuro, ni lile lile: ni wa Komuro.